Kwa nini wapiganaji wengi wa Kyokushin (karate ya kupigana kwa mapigo halisi) wanaacha mapema? Mwili umechoka au mazoezi ndiyo mabovu?

#1 Temeke_Kumite
Heshima kwenu wakuu.

Kwenye dojo yetu (ukumbi wa mazoezi), na nyingine ninazozifahamu hapa Dar, ukiwatafuta waliokuwa mkanda wa kijani enzi zetu, waliobaki ni wachache mno. Huyu goti, yule kiuno, mwingine paja lake hadi leo lina kinundu kigumu, ukikibonyeza hakibonyei. Na hawa hawakuwa wavivu. Ndio waliokuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka.

Nasema hivi, anayepinga apinge: Kyokushin haimmalizi mtu. Kinachommaliza ni kupigana kwa nguvu zote kila siku ya mazoezi. Mashindano yenyewe yanakuja mara moja au mbili kwa mwaka, lakini sisi tunapigana fainali kila Jumanne na Alhamisi. Na sheria mnazijua: ngumi ya uso marufuku, ila kifua, tumbo na mapaja ni ngumi tupu na ugoko mtupu, na teke la kichwa ruksa. Dakika 3, mkilingana mnaongezewa 2. Mwili gani utaibeba kazi hiyo kila jioni, mwaka hadi mwaka?

Wazoefu, nini kiliwaondoa wenzenu? Na nyie mliodumu mnafanyaje?

#2 Kigamboni_Boy
Nakaa siti ya mbele kabisa. Huu uzi nilikuwa nauhitaji.

#3 MzeeWaMkeka
Osu. Nimefundisha muda mrefu kabla wengi wenu hamjavaa gi, vazi la karate, kwa hiyo nitasema wazi. Oyama, mwanzilishi wa Kyokushin, alipofungua makao makuu Tokyo mwaka 1964 hakuna aliyeulizia pedi. Mwanafunzi wake Matsui alipigana na watu 100 mfululizo mwaka 1986, mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Filho wa Brazil naye akamaliza watu 100 mwaka 1995, na 1999 akalibeba kombe la dunia. Hao nao walilelewa kwa kubembelezwa?

Wanaoacha wanaacha kwa sababu hawaji mazoezini mfululizo. Mtu anapotea wiki mbili, akirudi anataka kumite, yaani kupigana na mwenzake, siku hiyo hiyo. Mwili uliokaa bure ndio unaovunjika.

#4 Ubungo_Kata
Shikamoo Sensei. Hoja ya kupotea na kurudi naikubali mia kwa mia. Ila hao uliowataja ni waliovuka. Walioumia njiani wakaacha hakuna aliyeandika majina yao, na hao ndio mleta uzi anawaulizia. Ukitazama waliosimama jukwaani tu, kila njia itaonekana nzuri.

#5 Chuma_cha_Mbagala
Andy Hug wa Uswisi, mpiganaji wa Kyokushin, mnamsahau? Alikufa akiwa na miaka 35. Mwili ule ulipigwa mno.

#6 Ubungo_Kata
Mkuu #5, hapana. Andy Hug alifariki Agosti 2000 huko Tokyo kwa saratani ya damu, ile kali inayokwenda kasi. Mapigo hayakuhusika. Ni yeye aliyepoteza fainali ya dunia ya 1987 mbele ya huyo huyo Matsui. Tusimuue mtu mara ya pili kwa hadithi za vijiweni.

#7 Kigamboni_Boy
Lakini Olimpiki ya Tokyo wale wa karate mbona walikuwa wanagusana kidogo tu na wanapata medali? Si tufuate hiyo?

#8 Temeke_Kumite
Ile ni karate ya pointi, mchezo mwingine kabisa. Fainali ya uzito wa juu, Agosti 2021, Msaudi Hamedi alikuwa anaongoza 4 kwa 1, akampiga teke la kichwa Muirani Ganjzadeh, huyu akalala chini. Hamedi akaondolewa kwa kuzidisha nguvu, dhahabu ikaenda kwa aliyebebwa kwenye machela. Teke lile lile kwetu ni ippon, ushindi wa moja kwa moja, mchezo umekwisha. Ndiyo maana huwezi kuchukua ratiba ya mazoezi yao ukaileta huku, wala yetu ukaipeleka kwao.

#9 FizioMoro
Wakuu, mimi ni mtu wa fiziotherapia na nilicheza Kyokushin nikiwa chuo. Nataka kurudi kwenye kinundu cha paja pale #1, maana kimetajwa kwa haraka na ndicho kimenileta humu.

Teke la chini likiingia mbele ya paja, nyama inapondwa dhidi ya mfupa na damu inavuja ndani kwa ndani. Ukiituliza, mwili unaifyonza. Ukiisugua ingali mbichi, au ukarudi kupigwa palepale kabla hujapona, sehemu ile inaweza kuota mfupa. Nasema mfupa kwelikweli, ndani ya nyama. Kwenye eksirei huanza kuonekana baada ya wiki tatu au nne hivi. Kitabibu huitwa myositis ossificans.

Kwa hiyo ukipigwa teke la hivyo, toka mkekani hapo hapo, hata kama imebaki nusu dakika. Kunja goti taratibu hadi linapofika bila maumivu makali, likifika nyuzi 120 vizuri zaidi, lifunge kwa bendeji libaki limekunjwa mpaka kesho yake muda kama huo. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, unaondoa, baadaye unarudia. Goti likiwa limekunjwa msuli unavutika, damu inakosa pa kujaa, na hutapata shida ya kukunja mguu baadaye.

Mitaani tunafanya kinyume chake. Maji ya moto yenye chumvi, halafu jamaa mwenye mikono mizito anakusugua mpaka unauma taulo. Siku hiyo hiyo!

Kurudi kwenye kumite ni pale goti linapokunja sawasawa na la pili, na unachuchumaa na kuruka bila kusikia kitu. Na paja likivimba likakaza hadi ngozi inang'aa, maumivu yakazidi badala ya kupungua, mguu ukaanza ganzi, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huo.

#10 BintiMvita
Ahsante Fizio, ila nikusahihishe kidogo kuhusu wakandaji. Bibi yangu hapa Mombasa alikuwa mkandaji, watu wakivuka feri kumfuata. Hakuna aliyeumia leo akakandwa leo. Alikuwa akitazama, akigusa kwa nyuma ya vidole kusikia joto, kisha akisema nenda kalale, njoo nikuite. Anayesugua jeraha bichi si mkandaji, ni rafiki yako mwenye haraka.

#11 FizioMoro
Dada, bibi alikijua alichokuwa anakifanya, namvulia kofia. Nilichokiona mimi kwa vijana wa dojo ni hao marafiki wenye haraka.

#12 Famasi_Kigoma
Niongeze la dawa. Vijana wanakuja dukani wananunua diklofenaki kabla ya mazoezi, si baada ya kuumia. Wanameza mapema wasisikie maumivu. Jamani! Dawa hiyo inabana utendaji wa figo, na wewe unakwenda kutoka jasho saa mbili bila kunywa maji ya kutosha. Tumbo nalo linachimbika vidonda, hasa ukimeza hujala. Na maumivu ndiyo yanayokuambia goti limefika mwisho. Ukiyazima, utaendelea kulipiga goti ambalo lilishakuomba usimame.

Kama maumivu yanahitaji kidonge ili ufanye mazoezi, siku hiyo fanya kata (miondoko iliyopangwa, unayoifanya peke yako) taratibu au ukae pembeni uhesabie wenzako.

#13 ZegeNaKarate
Mimi nataka kusema kitu ambacho hakijaguswa. Wengi wetu mchana tunabeba. Mimi ni saidia fundi, nimeshinda napandisha ndoo za zege ghorofani, jioni naingia dojo sensei anasema pushapu za ngumi 200 sakafuni kwenye saruji. Halafu kumite. Usiku nakula ugali na mchicha, nalala saa tano, saa kumi na moja niko kituoni. Hata wakitupunguzia kumite, bado hatupumziki. Wajapani wa Sensei #3 walikuwa wanalala dojo na kula hapo hapo. Kwa hiyo mleta uzi, kwa wengine hilo si kosa la mwalimu wala la karate.

#14 Temeke_Kumite
Umenigusa mkuu. Lakini mwalimu akijua wewe ni saidia fundi, si anaweza kukuondolea zile pushapu? Mgongo na mabega yako yameshafanya kazi tangu asubuhi.

#15 ZegeNaKarate
Anajua. Anasema wengine wakimuona mmoja amekaa, nao watataka kukaa.

#16 SabakiMwanza
Naona wote mnazunguka shina. Tatizo ni namna yenyewe ya kupigana. Kwa kuwa ngumi ya uso hairuhusiwi, watu wanasimama kifua kwa kifua na kubadilishana mapigo mpaka mmoja aanguke. Hiyo ni karate ya nani ana mbavu nene. Ashihara alipojitenga na Kyokushin mwaka 1980 alijenga mfumo wake juu ya sabaki: toka kwenye mstari, ingia pembeni au nyuma yake, piga akiwa hana pa kukupiga. Mwanafunzi wake Ninomiya akaendeleza hayo kwenye mtindo wake wa Enshin kule Denver, Marekani. Mtu anayefundishwa kuzunguka hapokei nusu ya mapigo anayopokea aliyesimama. Kwangu mimi hayo ndiyo mazoezi salama, kuliko pedi zote za Kariakoo.

#17 MzeeWaMkeka
Sabaki ipo Kyokushin pia, kijana. Ashihara aliitoa wapi kama si huko huko? Mnaoshindwa kuitumia ni kwa sababu hamjapigwa vya kutosha mkaona haja ya kutoka njiani.

#18 Chuma_cha_Mbagala
Sensei amemalizia hapo. Sabaki yako Mwanza inazunguka mpaka unatoka nje ya mkeka, nimeshakuona, hahaha.

#19 MamaWawili
Samahani kuingilia. Mwanangu ana miaka 11, anataka kujiunga, baba yake amekubali. Ninyi mnazungumzia mifupa kuota kwenye nyama. Nimpeleke au nisimpeleke? Niangalie nini nikifika pale?

#20 Muuguzi_Zamu
Dada yangu #19, mpeleke, lakini kwanza nenda ukatazame darasa zima ukiwa umekaa pembeni. Mimi ni muuguzi wa mapokezi ya dharura na wanangu wanacheza. Angalia kama watoto wanapangwa kwa uzito na umri, kama wamevaa kofia, pedi za ugoko, kinga ya meno na ya sehemu za siri, na kama kuna mtu anayesema simama kabla mtoto hajalia. Kofia inazuia kuchanika na michubuko. Ubongo haiuzuii kutikisika, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kwa kofia hiyo teke la kichwa halina neno.

Hapa nawaambia na wakubwa. Mtu akipigwa kichwani akayumba, akauliza tuko raundi ya ngapi, akaona viwili viwili, akatapika au akabadilika hasira, kwake mazoezi ya siku hiyo yameisha. Saa 24 hadi 48 za mwanzo apumzike kwa kiasi, kutembea taratibu anaruhusiwa. Mambo ya kumfungia chumba cha giza yameachwa. Halafu anapanda ngazi, kila ngazi siku nzima au zaidi: kutembea haraka, kukimbia, kata peke yake, pedi. Kumite iwe mwisho, daktari akisharuhusu. Dalili zikirudi, anashuka ngazi. Hivyo ndivyo walivyokubaliana wataalamu wa dunia Amsterdam mwaka 2022. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, akisinzia haamki vizuri au akapata degedege, gari mara moja.

Na jambo moja hutokea mara chache ila nataka kila mwalimu alijue. Pigo la kifua juu ya moyo, hata lisilo zito, likiingia katika sekunde ile mbaya ya mapigo ya moyo, moyo unatetemeka badala ya kusukuma damu. Mara nyingi ni vijana wadogo, wazima kabisa. Anaanguka kimya. Watu wanafikiri amekatwa pumzi, wanamwinua, wanampepea. Kama haitiki na hapumui kawaida, anza kukandamiza kifua hapo hapo, katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mtu mwingine akitafuta msaada na mashine ya kushtua moyo. Pedi za kifua hazijaonekana kuzuia hilo kwa uhakika. Kwa hiyo dojo isiyo na hata mtu mmoja anayejua kukandamiza kifua, mimi mtoto wangu simwachi.

#21 MamaWawili
Mungu akubariki dada. Nimenakili yote.

#22 MkandaBluu_Ke
Kwa upande wetu wanawake: dojo ikiwa na wasichana wawili, tunapangwa na wanaume. Mmoja anakugusa kwa vidole, hujifunzi kitu. Mwingine ukimpata teke moja zuri mbele ya wenzake, linalofuata anakuvunja. Mimi niliacha dojo moja kwa ajili hiyo, si kwa sababu ya mwili kuchoka, na kwenye hesabu ya mleta uzi nitaandikwa miongoni mwa walioshindwa.

Dojo niliyopo sasa wana utaratibu mmoja: mwenye mkanda wa juu au mwili mkubwa ndiye anayebeba jukumu la nguvu. Mdogo akiumia, anayeulizwa ni mkubwa. Tangu hapo hakuna aliyeondoka kwa kukomeshwa.

#23 Tanga_Usagi
Naunga mkono #22. Nami nitaje adhabu. Kuchelewa dakika tano, ruka chura kuzunguka uwanja. Kusahau mkanda, skwati mpaka sensei achoke kuhesabu. Mwenzetu mmoja aliyetoka likizo ndefu alipewa skwati hizo, kesho yake mapaja yamevimba na mkojo umekuwa wa rangi ya Coca-Cola. Kumbe nyama zimevunjika na uchafu wake umeingia kwenye damu, figo zikaanza kuzidiwa. Alilazwa, akapona. Ruka chura ile Wajapani wenyewe waliishaipiga vita mashuleni kwa sababu ya magoti, sisi bado tunaienzi.

#24 Muuguzi_Zamu
Mkojo wa rangi hiyo baada ya mazoezi ni hospitali siku hiyo hiyo, usikae nyumbani unakunywa maji ukisubiri. Na #12 amesema vyema, hapo diklofenaki ni kuongeza petroli.

#25 Muscat_Osu
Niko Oman, hapa mchana wa kiangazi hakuna anayefanya mazoezi ya nje. Ramadhani tunafanya baada ya tarawehe, kumite nyepesi tu, tukisha futuru na kunywa maji ya kutosha. Kuna waliokuwa wakifanya kabla ya magharibi ili wafuturu mara tu wakimaliza. Kihon (mazoezi ya msingi) na kata sina shida nayo saa hiyo. Kumite umekauka maji, hapana. Huko kwenu mnapangaje?

#26 BintiMvita
Hapa pia baada ya tarawehe. Kuna na wanaojikausha makusudi kabla ya kupimwa uzito, wanavaa nailoni na kukimbia juani. Wanapanda mkekani siku hiyo hiyo miguu haina nguvu, na ndio hao wanaopigwa za kichwa.

#27 Kigamboni_Boy
Wakuu, nisaidieni swali dogo. Ugoko. Kuna jamaa kaniambia nisugue chupa ya soda kila usiku, na nipige mgomba kisha mnazi.

#28 FizioMoro
Chupa iache. Unaumiza ngozi na neva, unafikiri ugoko umekuwa mgumu kumbe umekufa ganzi. Mfupa unaongezeka uimara ukipewa mzigo kidogo kidogo na muda wa kujijenga, na hiyo ni kazi ya miezi na miaka. Gunia linatosha. Mnazi achia wagema. Ukisikia maumivu ya sehemu moja ndogo kwenye ugoko, unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, na yapo hata ukitembea, pumzika na ukapige picha. Huenda ni ufa.

#29 ZegeNaKarate
Na gunia lenyewe angalieni limejazwa nini. La kwetu lilijazwa mchanga, ukashuka wote chini, kule chini ambako ndiko tunapiga teke la paja pamekuwa zege tupu. Tukalimwaga, tukajaza vitambaa vya fundi cherehani, vile vipande anavyofagia jioni. Ukitia, tia kidogo, shindilia kwa mpini wa jembe, tia tena, halafu baada ya wiki utaongeza maana vitajibana. Toa zipu na vifungo kwanza, vinachana ugoko.

#30 Temeke_Kumite
Nashukuru wote. Nimezungumza na mwalimu wetu, amekubali tujaribu: Jumanne kihon na pedi, Alhamisi kumite ya polepole yenye kutafuta nafasi, Jumamosi moja katika mwezi ndiyo ya nguvu, tena kwa uzito na kwa pedi za ugoko. Sensei #3, unaonaje?

#31 MzeeWaMkeka
Pedi kwa mikanda ya chini nitakubali. Ya muuguzi kuhusu kifua nimeyasoma mara mbili, na nitamtafuta mtu aje awafundishe wanangu wote wa dojo. Lakini nguvu mara moja kwa mwezi ni kidogo. Siku ya mashindano mpinzani hatakuja polepole, na kijana asiyezoea pigo zito atasimama akishangaa, na anayeshangaa ndiye anayeumia vibaya. Kwangu ni kila wiki, raundi chache.

#32 SabakiMwanza
Raundi chache ni ngapi, Sensei? Na za nani na nani?

#33 MzeeWaMkeka
Mbili. Mkanda wa kahawia kwenda juu. Njoo Dar uone, na hiyo sabaki yako uje nayo.